Jinsi ya kusoma mazoezi ya F1 bila kudanganywa na jina lililo juu ya orodha

Wakuu, Ijumaa ya F1 (mbio za magari za Formula 1) huwa ni ile ile. Kipindi cha kwanza kinaisha, mtu anapiga skrinshoti ya orodha ya muda, anaitupa kwenye grupu, "jamaa wamerudi!", na wengine tayari wanasuka mkeka. Jumapili mkeka umechanika na ile skrinshoti hakuna anayeikumbuka.

Chukua mbio za Bahrain za mwaka 2024. FP1, yaani kipindi cha kwanza cha mazoezi, aliongoza Daniel Ricciardo akiwa na timu ya RB. Jioni yake FP2 akaongoza Lewis Hamilton, nyuma yake George Russell, yaani Mercedes wa kwanza na wa pili, Max Verstappen wa Red Bull yuko wa sita huko. Siku ya mbio Verstappen kaanza mbele kabisa, kashinda kwa sekunde 22 na ushee, Russell wa 5, Hamilton wa 7, Ricciardo wa 13. Na orodha haikumdanganya mtu, kila muda ulioandikwa pale ulikimbiwa kweli, ila orodha inajibu kitu kimoja tu, nani leo kaambiwa aikimbize lapu (mzunguko) moja, kwa tairi gani, na mafuta kiasi gani tumboni. Sisi tunataka kujua gari lenyewe lina mwendo gani. Hilo linatafutwa, na kutafuta kwenyewe si kazi ngumu sana ukishajua pa kuangalia.

Vifaa: simu yenye muda wa moja kwa moja wa F1 unaoonyesha tairi na sekta (vipande vitatu vya lapu), daftari au eksel, na uvumilivu. FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, wanaweka PDF za kila kipindi kwenye tovuti yao, lapu moja moja ya kila gari, bure kabisa. Anayejua Python kidogo kuna maktaba inaitwa FastF1 inakuvutia data zote hizo, lakini daftari linatosha, usiogope.

Hatua ya 1: Jua kipindi gani kinahesabika

Wikiendi ya kawaida ina FP1, FP2 na FP3, saa moja moja kila kimoja. Havilingani thamani. Kwa Bahrain saa yao ni sawa na yetu ya Afrika Mashariki kwa hiyo hesabu ni rahisi: mwaka ule wa 2024 FP1 ilianza saa 8:30 mchana jua linawaka, FP2 saa 12 jioni, FP3 saa 9:30 alasiri, kufuzu (kupanga nani aanze wapi) saa 1 usiku, mbio saa 12 jioni. Sasa jiulize mwenyewe, lami ya saa nane na nusu mchana inakufundisha nini kuhusu mbio za usiku? Karibu hakuna. Tairi zinachemka, gari linateleza nyuma, na timu zenyewe zinajua kwa hiyo FP1 na FP3 wanafanya mambo yao mengine. FP2 ndiyo kila kitu pale. Abu Dhabi ni hivyo hivyo, FP2 ndiyo iko karibu na saa za kufuzu na mbio. Kwa njia za mbio za mchana mtupu kama Silverstone au Barcelona tofauti ni ndogo ila bado FP2 ndiyo yenye nyama, kwa sababu ndipo wanapofanya mazoezi ya mbio.

FP1 itazame kwa macho tu. Utaona magari yamefungwa mafremu makubwa ya vyuma pembeni ya tairi ya kupimia upepo, mengine yamepakwa rangi ya kijani inayong'aa kwenye bawa, hao wanakusanya data, hawakimbii na mtu. Halafu kuna madereva chipukizi, kanuni inazilazimisha timu kuwapa FP1 kadhaa kwa msimu, ukiona jina hulijui limeshika mkia usiseme gari limekufa.

Wikiendi ya sprinti (yenye mbio fupi ya ziada) ndiyo shida, kipindi ni kimoja tu kisha wanaingia kufuzu kwa sprinti siku hiyo hiyo. Hapo timu zinabanana kila kitu ndani ya dakika 60 na mfululizo mrefu wa lapu hauonekani sana. Usijidai mtabiri wikiendi hiyo.

Hatua ya 2: Andika tairi, na umri wake

Kila wikiendi Pirelli, watengeneza tairi, wanaleta aina tatu za tairi kavu, nyekundu ni laini, njano ya kati, nyeupe ngumu. Muda usio na rangi ya tairi pembeni ni muda usio na maana. Na rangi peke yake haitoshi, angalia tairi ni mpya au imeshakula lapu, kwa sababu njia kama Bahrain lami yake ni kavu ya kukwaruza, tairi laini inakupa lapu moja ya maana halafu inaanza kushuka. Mtu akikosea kona kwenye ile lapu ya kwanza, akarudia baadaye, muda wake wa pili tayari umeshaliwa.

Jambo lingine watu wanalisahau, laini ya hapa si laini ya kule. Pirelli wana ngazi kuanzia C1, ngumu kuliko zote, kwenda juu hadi laini zaidi, Bahrain ile C3 ndiyo nyekundu, ukienda Monaco ya 2024 C3 hiyo hiyo ndiyo nyeupe. Kwa hiyo usibebe pengo la laini na kati la njia moja ukalipachika kwingine.

Na uangalie pia tairi ambazo timu HAIZIGUSI. Wikiendi ya kawaida dereva anapewa seti 13: ngumu 2, za kati 3, laini 8. Anayebana seti Ijumaa ana mpango nazo Jumapili. Mbio za Bahrain 2024 Red Bull walirudi kwenye laini kumalizia wakati Ferrari na Mercedes waliowafukuzia wanamalizia na ngumu, na kitu kama hicho dalili zake zinaanza kuonekana mapema ukihesabu seti.

Hatua ya 3: Tenganisha lapu za kukimbiza na mfululizo wa mbio

FP2 ina umbo lake, ukilizoea huliachi. Dakika 15 au 20 za mwanzo wanatoka na tairi ya kati. Katikati wanafunga laini, wanapiga lapu moja ya nguvu, pengine wanapoza kidogo na kurudia. Ndipo orodha inapopangika na ndipo skrinshoti zinapopigwa. Baada ya hapo zinabaki dakika 20 hivi, watazamaji wengi wanazima, na hapo ndipo shughuli inaanza. Magari yanajazwa mafuta, yanatoka, yanapiga lapu 6, 8, 10 mfululizo bila kuingia piti (sehemu ya kuhudumia gari), muda uko sekunde tano sita nyuma ya lapu ya kufuzu. Orodha haibadiliki hata jina moja kwa hiyo televisheni inakuonyesha marudio. Wewe kaa na muda wako.

Lapu ya kukimbiza inakwambia kuhusu Jumamosi. Mfululizo unakwambia kuhusu Jumapili. Kuna magari yana kimoja na hayana kingine.

Hatua ya 4: Safisha takataka

Hapa ndipo watu wanafeli, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua mfululizo, toa lapu ya kutoka piti, toa ya kuingia piti, toa lapu yoyote iliyopigwa bendera ya njano, na toa zile alizokwama nyuma ya gari lingine. Utajuaje alikwama? Lapu moja inaruka sekunde moja au mbili ghafla kisha inayofuata inarudi pale pale. Tairi iliyochoka hairudi hivyo.

Mfano wa kubuni, timu mbili, wote tairi ya kati, wote saa ile ile:

Timu A: 1:36.2, 36.3, 36.5, 36.8, 37.0, 37.3, 37.5, 37.8
Timu B: 1:36.9, 36.8, 36.9, 38.6, 36.9, 37.0, 36.9, 37.0

Ukipiga wastani kichwa kichwa A anapata 1:36.9 na B anapata 1:37.1, unaandika "A wako mbele kwa mbili ya kumi" unalala. Sasa toa ile 38.6 ya B, ni foleni ile inaonekana kabisa. Wastani wa B unashuka hadi 1:36.9, wamelingana na A. Bado hujamaliza. Angalia A anakoelekea: kaanza 36.2 kamaliza 37.8, anapoteza kama 0.23 kila lapu, wakati B amesimama pale pale. Ukiwavuta wote hadi lapu ya 15, A atakuwa kwenye 39 na ushee huko na B bado yuko 37 ya mwanzo. Hiyo si mbili ya kumi, hiyo ni sekunde mbili kwa kila lapu. Kumbe yule aliyeonekana wa haraka anaua tairi.

Kwa hiyo kwenye daftari usiandike wastani peke yake, andika namba tatu: lapu ya kwanza safi, wastani uliosafishwa, na anapoteza kiasi gani kwa lapu. Mimi hiyo ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu ndiyo ngumu kuificha.

Hatua ya 5: Weka mafuta kwenye hesabu

Kujaza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku tangu 2010, kwa hiyo gari linaanza na mzigo wote, kwa kanuni zilizokuwepo hadi 2025 kikomo kilikuwa kilo 110. Kipimo cha mtaani wanachotumia wachambuzi ni kwamba kilo 10 zinakula kama 0.3 ya sekunde kwa lapu, inategemea urefu wa njia. Gari lililojaa ni kama lori lililopakia linapanda Kitonga, dereva hata awe nani.

Piga hesabu ya Bahrain: lapu 57, kilo 110, ni karibu kilo 1.9 kwa lapu. Maana yake kila lapu gari linajipunguzia uzito na kupata kama 0.06 bila dereva kufanya lolote. Sasa rudi kwa Timu B hapo juu, muda umesimama pale pale, je tairi haichoki? Inachoka, kama 0.07 kwa lapu, ila mafuta yanaifunika. Na A tairi yake inachoka karibu 0.3. Ongeza hiyo 0.06 kila mara kabla hujasifia tairi ya mtu.

Lakini tatizo kubwa ni kwamba hujui kaweka kiasi gani siku hiyo. Hakuna anayetangaza. Timu moja ikiwa na kilo 20 zaidi ya nyingine hiyo ni 0.6 kwa lapu, pengo ambalo kwenye kufuzu linaweza kumeza nusu ya orodha. Ndiyo maana nimesema ile namba ya tatu, anapoteza kiasi gani kwa lapu, ni ngumu kuificha, mzigo mkubwa unasogeza muda wote juu kwa pamoja ila haubadilishi sana namna tairi inavyochoka. Haubadilishi kabisa? Hapana, gari zito linachosha tairi zaidi kidogo. Ila kwa daftari letu inatosha.

Kuanzia 2026 kanuni zimebadilika, umeme umechukua karibu nusu ya nguvu, DRS (bawa la nyuma lililokuwa linafunguka kuongeza kasi) imeondoka, na mafuta yanayobebwa ni machache kuliko zamani. Kwa hiyo hizo namba zangu za mafuta zipunguze, na ukiona lapu moja imeshuka ghafla jiulize kwanza kama betri ilikuwa inachajiwa.

Hatua ya 6: Linganisha walio sawa tu

Tairi sawa, saa sawa, urefu wa mfululizo unaokaribiana. Njia inapata mpira kadiri magari yanavyopita, lami ya dakika ya 10 si ya dakika ya 50, hasa kwenye njia za mtaani kama Singapore au Baku ambako mwanzoni ni vumbi tupu. Mtu aliyepiga laini dakika ya 25 na mwingine dakika ya 38 usiwapange kwenye mstari mmoja bila kumrudishia kidogo yule wa mapema.

Halafu anza na wenzake wa timu. Kama dereva namba moja na mwenzake wamepishana sekunde nzima kwenye mfululizo wa tairi ile ile, kuna jambo, ama mafuta tofauti ama setingi tofauti ama mmoja gari limeharibika. Usimchukue aliye juu ukasema ndiyo mwendo wa timu, wala usimchukue wa chini. Weka alama ya kuuliza, songa mbele.

Hatua ya 7: Kasi ya mwisho na sekta

Ile namba ya kilomita kwa saa mwisho wa sehemu iliyonyooka watu wanaipenda sana na ndiyo inayopotosha sana. Gari linaweza kuwa na kasi kubwa kwa sababu bawa ni dogo, au injini imefunguliwa nguvu zote, au alikuwa amebebwa na upepo wa gari la mbele, Monza huko hiyo ya tatu ndiyo kawaida. Peke yake haina jibu. Iunganishe na sekta. Akiwa na kasi kubwa mwisho wa straiti na anapoteza kwenye kona, bawa dogo hilo. Akiwa na kasi ndogo kwenye straiti zote na bado analingana na walio juu kwenye kona, shtuka, huyo inawezekana injini ameibana na Jumamosi anaifungua. Ijumaa timu nyingi pia zinatumia injini ya zamani iliyoshakula kilomita, ile mpya inasubiri kufuzu.

Kidokezo kimoja cha haraka: jumlisha sekta bora tatu za dereva hata kama hazikutoka kwenye lapu moja. Wengine wapo wa 9 kwenye orodha kwa sababu walikosea kona moja tu, ukijumlisha unawakuta wa 3.

Hatua ya 8: Usione makucha yaliyofichwa kila mahali

Hii ya kusema "wanaficha makucha hao" imekuwa dini. Ni kweli inatokea. Majaribio ya Barcelona mwanzo wa 2019 Sebastian Vettel wa Ferrari alimaliza juu kwa 1:16.221, Hamilton akawa 1:16.224, elfu tatu za sekunde, na gumzo lote lilikuwa Ferrari mwaka wao huu. Wakafika Melbourne, Ijumaa Hamilton akaongoza vipindi vyote viwili, Jumapili Valtteri Bottas akashinda, Mercedes wa kwanza na wa pili, Ferrari wa 4 na wa 5. Mercedes wakazichukua mbio 8 za mwanzo zote.

Ila 2022 watu wale wale, wakikumbuka hiyo 2019, waliwaangalia Mercedes gari linadundadunda kwenye straiti, Hamilton anasema wazi kwamba hawapo kwenye vita ya ushindi, wakamcheka, "anatuzuga huyo". Hakuzuga mtu. Msimu mzima Mercedes walishinda mbio moja tu, ya Russell kule Brazil. Gari linaloonekana baya kwenye kona, dereva anarekebisha usukani kila mahali, kipindi baada ya kipindi, hilo ni baya tu jamani. Mafuta na injini vinafichika, kuteleza hakufichiki.

Singapore 2023 vivyo hivyo, Red Bull walikuwa wameshashinda kila kitu mwaka ule, Ijumaa Ferrari wakaongoza FP1 kwa Charles Leclerc na FP2 kwa Carlos Sainz, Red Bull wanahangaika, na wengi wakasema subirini Jumamosi. Jumamosi Verstappen na Sergio Pérez wote wakatolewa Q2 (awamu ya pili ya kufuzu), Sainz akachukua poli (nafasi ya kwanza ya kuanzia) na mbio akashinda, na hiyo ndiyo mbio pekee Red Bull waliyoikosa kati ya 22. Ijumaa ilikuwa imesema kila kitu.

Kipimo changu: kama dalili tatu zinakubaliana (lapu moja, mfululizo, na macho yako), ziamini hata kama jina la timu halikupendezi. Bahrain 2023 Fernando Alonso aliongoza FP2 na Aston Martin, jina geni pale juu, ila hata kwa macho gari lilikuwa limetulia, na akamaliza wa 3. Ricciardo wa 2024 alikuwa na lapu moja ya tairi laini, mchana, basi.

Hatua ya 9: Andika kama makundi, sio namba

Ukimaliza usiandike "McLaren wako mbele 0.14". Huna uwezo huo, mimi sina, na wahandisi wenyewe wa timu pinzani wanakisia. Andika makundi: hawa wanapigania ushindi, hawa jukwaa, hawa pointi, hawa mkiani. Ndani ya kundi pengo la chini ya 0.2 lichukulie kama hakuna kitu. Nikiwa sijaona angalau lapu 6 safi za timu namuweka kwenye kundi la "sijui" na sioni aibu.

Na kuna Ijumaa za kufunga daftari mapema. Suzuka 2025 FP2 ilipigwa bendera nyekundu mara 4, ikiwemo nyasi kuwaka moto pembeni ya njia, hakuna aliyepata mfululizo wa maana. Las Vegas 2023 FP1 iliisha baada ya dakika chache tu kwa sababu kifuniko cha chuma barabarani kiliipasua Ferrari ya Sainz, FP2 wakaikimbia saa 8:30 usiku wa manane na majukwaa yako matupu. Siku kama hizo anayekuletea uchambuzi mrefu anakuuzia hewa.

Jumamosi kabla ya kufuzu pitia FP3 haraka haraka, unatafuta kitu kimoja, nani kabadilika sana kuliko jana. Usiku timu zinageuza setingi, simyuleta huko makao makuu inafanya kazi usiku kucha, na gari lililokuwa limepotea Ijumaa linaweza kuamka. Likiamka kwenye lapu moja tu na mfululizo wake wa jana ulikuwa mbovu, lipandishe kundi kwa ajili ya Jumamosi ila la Jumapili liache palepale. Kufuzu kukishaanza setingi karibu zote zinafungwa, hawaruhusiwi kugusa mpaka mbio zianze, kwa hiyo hapo na wewe weka kalamu chini.